Saini ya Mzee Huseni

Jumatatu, 3 Machi
Mvua ya kwanza imetukuta ukumbini tukiwa watu wanne, na viti tulipanga arobaini. Mkufunzi alitoka Dar es Salaam alfajiri kuja kutueleza mabadiliko ya sheria ya kodi. Akavieleza viti. Mudrick, mhasibu wa ghala la korosho na mjumbe wa kamati yetu, alikaa mstari wa mbele akisinzia kwa saumu.

Jioni nikawapigia wanachama mmoja mmoja kuuliza kulikoni. Jibu ni lile lile la miaka mitatu, tangu niwe katibu: dada Sihaba, kwani chama kinanipa nini? Nami nikawajibu kama kasuku. Kuna mafunzo, kuna wakili ukishtakiwa kwa ajili ya kazi yako, kuna mfuko wa matibabu, na tunazikana. Tena kuna jina. Mtu akikuona uko Chama cha Wahasibu wa Bonde na Delta ajue kuna wenzako wanaokufahamu, na watakuuliza ukikosea. Hilo la mwisho halimvutii mtu.

Mkutano mkuu ni mwezi wa sita. Nitakabidhi mafaili nirudi kwenye kazi zangu.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Bati la chumba cha mama linavuja juu ya kitanda. Tumekisogeza.

Jumatatu, 10 Machi
Barua ya malalamiko imekuja kutoka Mbwera, imeandikwa na Bwana Sadallah, mwenyekiti wa Tuvune, ushirika wa wakulima wa mpunga wa visiwa vya huko. Anamlalamikia mhasibu wake, Muzdalifa Ashrafu, mwanachama wetu. Eti amegoma kuziidhinisha hesabu za mwaka, anawachochea wakulima na hana adabu kwa wakubwa. Ameomba tumfute uanachama.

Nikaipeleka kwa Mzee Huseni, mwenyekiti wetu. Yeye ndiye aliyekianzisha chama hiki miaka ishirini na miwili iliyopita. Ndiye pia aliyenipa kazi yangu ya kwanza, mume wangu alipofariki akaniacha na mtoto wa miezi saba na cheti nisichojua pa kukipeleka. Kila ninachokijua katika kazi hii amenifundisha yeye. Mpaka leo nikiandika saba naikata katikati, kama yeye.

Akasema nimsomee, miwani kaisahau. Nilipomaliza akasema msichana ana kiburi, tusipoteze muda, barua ya kumfuta iwe tayari Ijumaa.

Sikupinga. Muzdalifa namkumbuka kwenye semina ya mwaka jana, aliuliza maswali mpaka wali ukapoa. Sikumpenda.

Ijumaa, 14 Machi
Barua sijaiandika. Katiba ya chama inataka pande zote mbili zisikilizwe, na katiba hiyo aliiandika Mzee Huseni mwenyewe. Simu ya Muzdalifa haipatikani.

Jumapili, 16 Machi
Mvua usiku kucha. Sikulala.

Alhamisi, 20 Machi
Amekuja mwenyewe. Ametoka Mbwera kwa boti hadi Nyamisati, kisha pikipiki kwenye tope mpaka Kibiti. Akasimama mlangoni anachuruzika maji, akaniamkia, akakataa kukaa kwenye kiti cha kitambaa asije akakilowesha. Ana umri wa miaka ishirini na sita. Nilitegemea machozi. Hakulia.

Maelezo yake ni haya. Aliajiriwa Agosti, miezi minne baada ya mafuriko. Akakuta imeandikwa kwamba maji yaliharibu gunia mia nne na kumi na mbili za mpunga wa wakulima, zikatupwa mtoni. Akaenda kulitazama ghala. Limejengwa juu ya nguzo, na alama ya maji kwenye nguzo inaishia chini ya sakafu. Alipouliza, Sadallah alimwambia ipo hati ya mhakiki wa nje aliyefika na kushuhudia, yeye kazi yake ni kutia saini tu. Hati yenyewe hakuonyeshwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika barua kwetu mapema. Akasema aliandika mbili, akampa Bwana Sadallah azitume pamoja na barua za ofisi, kwa sababu wakati ule bado alikuwa anamwamini.

Anazungumza kama anayejibu mtihani, na hilo likaniudhi. Nikamwambia suala lake litafika kwenye kamati kwa utaratibu, awe na subira.

"Sikuja kuomba huruma, dada," akasema. "Nimekuja kuuliza kama chama kina kazi."

Nimempa nguo kavu. Amelala chumbani kwa mama. Wakati wa daku niliwasikia wanacheka, na mama hajacheka tangu mvua ianze.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Pilau, mvua, wageni wawili. Mzee Huseni ameniletea kanzu ya mwanangu kama kila mwaka, ingawa mwanangu sasa ana miaka ishirini na yuko chuoni Morogoro.

Ijumaa, 4 Aprili
Naandika Nyamisati, nimekaa juu ya kreti la soda nikingoja usafiri wa kurudi Kibiti. Mgongo unauma na viatu nimevibeba mkononi.

Nilikwenda Mbwera jana. Mzee Huseni sikumwambia, nilimuaga kwamba nakwenda kumwona shangazi. Sijui kwa nini nilimdanganya. Au najua. Aliponiuliza kwa mara ya tatu kama barua iko tayari, sauti yake haikuwa ya mtu mwenye haraka, ilikuwa ya mtu mwenye hofu.

Boti ilitoka maji yalipojaa, tukapita kwenye vijito vya mikoko, mvua ikitupiga usoni njia nzima. Muzdalifa alinipokea akanipeleka ghalani. Ni kama alivyosema. Alama ya maji iko pale pale, chini ya sakafu, hata mtoto angeiona.

Kisha akaja mama mmoja, Bi Mwanaharusi, mkulima, ambaye shamba lake liko nyuma ya ghala. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamweleza. Akasema yeye na watu wa nyumba thelathini walihamia ndani ya ghala hilo siku maji yalipopanda, wakakaa humo wiki mbili, wakapika humo, na binti yake alijifungulia humo.

Nikamuuliza gunia zilikuwa upande gani.

"Gunia gani? Tuliingia tukakuta sakafu tupu. Tulimuuliza mwenyekiti, akasema mpunga wetu umehamishiwa ghala la juu." Akanitazama. "Huku kwetu hakuna juu, mwanangu. Tumengoja mwaka mzima. Mimi peke yangu nina gunia kumi na tisa humo."

Hakuna aliyewaambia kwamba kwenye karatasi mpunga wao umeharibika na kutupwa. Mimi ndiye niliyewaambia. Sitaki kuandika zaidi kuhusu nyuso zao.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Sadallah. Alinikaribisha vizuri, akachinja kuku. Nilipoomba kuiona hati ya uhakiki, akaitoa kabatini bila wasiwasi, na sasa naelewa kwa nini hakuwa na wasiwasi. "Nimefika ghalani mimi mwenyewe tarehe 23 Aprili na kushuhudia gunia 412 zilizolowa na kuoza." Chini yake saini ya Mzee Huseni. Ningeitambua hata gizani.

Nikamwomba ruhusa niipige picha. Akaniruhusu. Akaniomba nimsalimie mzee.

Jumapili, 6 Aprili
Tarehe ile ilinikaa kichwani njia yote, na nilipofika nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la ofisi nikatoa daftari la misiba.

Tarehe 23 Aprili mwaka jana tulimzika Abdulkarimu, mwanachama wetu, kule Chumbi. Barabara ilikuwa imekatika, tulivushwa kwa mtumbwi pale maji yalipokuwa yamefunika lami. Kaburi lilikuwa linajaa maji kila wakichimba. Mzee Huseni alivua viatu akaingia kuyakumba kwa ndoo pamoja na vijana, mtu wa miaka sitini na saba, na baada ya maziko akakaa na watoto wa marehemu mpaka magharibi. Nakumbuka niliwaza kwamba mtu akiniuliza tena faida ya chama nitamsimulia siku hii.

Jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya waliohudhuria. Mwandiko ni wangu.

Mtu aliyekuwa Chumbi tangu asubuhi hadi magharibi hakuwa Mbwera.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua.

Jumatano, 9 Aprili
Nimepita mbele ya nyumba yake mara mbili. Sikubisha.

Jumamosi, 12 Aprili
Leo nimebisha. Nilimkuta barazani amekaa peke yake, redio inazungumza. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamuuliza tarehe 23 Aprili mwaka jana alikuwa wapi.

Akanyoosha mkono kuizima redio, na mkono ukaikosa. Ukapapasa meza, ukaangusha kikombe, ndipo ukaipata. Nikaelewa jambo jingine ambalo ningepaswa kulielewa zamani. Kumbe miwani haikuwahi kusahauliwa.

"Chumbi," akasema. "Tulimzika Abdulkarimu."

Kisha akanieleza. Jicho la kulia lilikufa mwaka juzi na la kushoto linaona ukungu. Wateja wake wa zamani humsomea hesabu, naye huuliza maswali, na kwa uzoefu hujua panaponuka. Sadallah alikuja siku mbili baada ya maziko na karatasi iliyokwisha andikwa. Akamsomea kwamba ghala limeingia maji, akamwonyesha pa kuweka kalamu. Tarehe hakumsomea. Wala yale maneno ya "nimefika mimi mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba haoni. Mfuko wa matibabu upo, na aliyeuanzisha ni yeye.

"Niliuanzisha kwa ajili ya wenzangu," akasema. "Mhasibu asiyeona, Sihaba, nani atampa kazi?"

Nilimwambia kuhusu Bi Mwanaharusi na gunia zake kumi na tisa, na binti aliyejifungulia ghalani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akaniomba jambo moja: nisubiri mpaka mkutano mkuu. Atastaafu kwa heshima, kisha nifanye ninavyoona.

"Niache nitoke mlangoni, mwanangu. Usinitoe dirishani."

Nilimwambia nitafikiri. Nikaokota vipande vya kikombe nikaenda zangu.

Alhamisi, 17 Aprili
Miezi miwili si mingi. Wakulima wamengoja mwaka. Nimejiambia hivyo siku tano sasa, na kila siku inasikika vizuri kidogo zaidi.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua. Mudrick ameuliza faili la Mbwera limefikia wapi. Nimemwambia linashughulikiwa.

Alhamisi, 24 Aprili
Muzdalifa amekamatwa. Sadallah alisikia nilivyozungumza na wakulima, akawahi kwenda polisi kusema gunia zimeibwa na mhasibu wake. Binti ambaye hata Mbwera hakuwapo mpunga ulipotoweka.

Alinipigia kwa simu ya askari mmoja. Alisema mambo mawili: kwamba wamemleta kituo cha Kibiti, na kwamba mama yake asiambiwe mpaka kesho. Sauti ilikuwa imetulia, ila alipofika kwenye neno mama ikakatika.

Siku kumi na nane nilikuwa na ushahidi wa kumwokoa, uko kabatini, funguo ninazo mimi. Nilikuwa nafikiri.

Nimempigia wakili wa chama. Katika miaka mitatu sijawahi kumwita kwa ajili ya mtu. Amefika kituoni kabla ya Alasiri, na saa kumi na mbili Muzdalifa akatoka kwa dhamana, wadhamini mimi na Mudrick. Nimeitisha kikao cha dharura.

Jumamosi, 26 Aprili
Asubuhi nilimpigia Mzee Huseni. Nikamwambia leo nitaisoma hati ile mbele ya kamati pamoja na daftari la misiba, na nimeona aisikie kwangu kwanza. Akasema, "Vyema." Simu ikakatika au aliikata.

Nilidhani hatakuja. Alikuja. Mudrick alimshika mkono kuanzia getini, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona kwamba anahitaji kushikwa. Kanzu nyeupe imepigwa pasi. Akakaa kiti chake, akafungua kikao kwa dua. Muzdalifa alikuwa ukutani, kwa kuwa mlalamikiwa ana haki ya kuwapo.

Nikasimama na karatasi zangu. Kabla sijasoma mstari wa kwanza akaniambia nikae.

"Katibu, andika," akasema. Na kwa kuwa nimemwandikia miaka ishirini, nikakaa nikaandika. Akasema jina lake kamili na namba yake ya usajili. Akasema siku ile alikuwa Chumbi mazikoni na si Mbwera, kwamba ghala hajaliona, na kwamba hati anaifuta. Akataja jicho la kulia na la kushoto kama mtu anayetaja vifaa vilivyochakaa.

Mmoja wa wajumbe akasema basi mzee alidanganywa, tuandike hivyo. Wote wakaitikia, nami nilitamani kuitikia.

"Hapana," akasema. "Sikudanganywa tu. Nilikubali kudanganywa, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema sioni. Liandike na hilo."

Nililiandika. Akauliza Muzdalifa amekaa wapi, akageuza uso upande tuliomwonyesha, ukawa umekosea kidogo, unatazama dirisha. Akamwomba radhi. Alisema aliposikia barua ya Sadallah alijua mara moja inahusu nini, na akataka binti afutwe upesi ili mlango ufungwe.

Ukumbi wote ukamngoja Muzdalifa. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Nimekusikia, babu," akasema.

Hakusema amesamehe. Nimemheshimu kwa hilo, ingawa siku ile ya Machi ningesema ni kiburi.

Tumeamua: malalamiko dhidi yake yametupwa, maelezo ya mzee yanakwenda polisi na bodi ya taifa ya wahasibu. Mzee akaomba asitie saini tena kwenye karatasi asiyoiona. Akaweka dole gumba, mbele ya watu watano, yeye aliyetufundisha wote kuweka saini.

Jumatano, 30 Aprili
Sikutoka nyumbani.

Jumatatu, 12 Mei
Kesi ya Muzdalifa imefutwa. Sadallah anahojiwa. Polisi wamempata mfanyabiashara ambaye Sadallah alimuuzia mpunga; amekiri kwamba aliupakia Februari, kabla mto haujafurika, na amekubali kurudisha gunia mia moja na themanini kutoka mavuno mapya. Zilizobaki hakuna anayezizungumzia.

Sokoni mwanamke mmoja alisema nyuma yangu, kwa sauti ya kunifikia, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nilinunua nyanya nikalipa nikaondoka.

Jumatano, 21 Mei
Bodi imeifuta leseni ya Mzee Huseni. Barua imekuja kwangu kama katibu. Nilikwenda kumsomea. Alinitaka nirudie aya ya pili, akasema Kiswahili chake si kizuri.

Ijumaa, 30 Mei
Jua. Tumeanika godoro la mama.

Jumamosi, 14 Juni
Mkutano mkuu. Wamekuja arobaini na saba, sijawahi kuona. Wengi walikuja kumwona Muzdalifa. Wakulima wa Tuvune wamechagua viongozi wapya na wamemrudisha kazini, naye ametoa sharti moja, kwamba kila mwezi ghala lihesabiwe mbele ya wakulima watatu. Bi Mwanaharusi ni mmoja wao.

Mudrick amekuwa mwenyekiti. Mimi nimechaguliwa tena kuwa katibu nikiwa nje nagombana na mpishi kuhusu sahani zilizopungua. Niliporudi walikuwa wameshapiga makofi. Sikuwa na nguvu za kukataa. Labda pia sikutaka.

Hoja ya mwisho niliileta mimi: Huseni, mwanachama mwanzilishi, leseni hana lakini uanachama hajafutwa, atibiwe macho kwa mfuko wa matibabu. Watu wakaguna. Mmoja akasema aliyetuaibisha tumtibu pia? Aliyenyoosha mkono kuunga mkono alikuwa Muzdalifa. Alisema katiba haibagui, kisha akakaa. Hoja ikapita kwa tofauti ya kura tatu.

Jumanne, 17 Juni
Mzee alipopelekewa fomu alikataa siku mbili. Nilikwenda nikamwambia nimechoka, sina nguvu za kumbembeleza, aweke dole gumba hapa. Akaweka.

Alhamisi, 26 Juni
Dar es Salaam, hospitalini. Jana walimpasua jicho la kushoto, la kulia wamesema limechelewa. Leo asubuhi wamemfungua bandeji, na daktari akaniita nikae mbele yake ili awe na kitu cha kutazama.

Alifumba, akafumbua, chozi likamtoka, akalifuta kwa kiganja. Kisha akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kuanzia paji la uso, akateremka taratibu mpaka kidevuni, kama alivyokuwa akipitia hesabu zangu nilipokuwa mwanafunzi wake, nikawa nangoja aniambie kosa liko wapi.

"Sihaba," akasema, "kumbe umezeeka."

Nikamwambia ndiyo, mzee. Siku nyingi sasa.